Mashua imetiwa kalafati upya na bado inaingiza maji. Yanapitia wapi?

#1 Nahodha Mdogo (Pangani)
Salamu wakuu. Nina mashua ya mbao za mvule, mataruma (mbavu za ndani) ya mkomafi, urefu kama mita saba, nyuma imekatwa bapa kwa ajili ya injini ya farasi 15. Msimu wa kusi ilikaa juu pwani muda mrefu kwa sababu nilibadilisha mbao mbili za ubavu wa kushoto. Fundi alitoa kalafati, yaani pamba yote ya zamani ya kuziba maungio, sehemu ya chini, akatia mpya, akapaka deheni (mafuta na chokaa ya kuzuia maji), tukaishusha kwenye bamvua, maji yakiwa makuu.

Siku za mwanzo ilivuja sana, na hilo nililitegemea. Lakini sasa imekaa majini vya kutosha na bado nikiiacha na nanga usiku kucha, asubuhi nakuta maji yamefunika mataruma ya katikati. Kinachonichanganya ni hiki: juzi ilipopwelewa, yaani maji yalipokupwa ikabaki nchi kavu, nilimimina maji ndani, nikalala chini ya tumbo lake na tochi, nikapapasa kila ungio kwa kidole. Hakuna tone. Maji yanaingia lakini hayatoki!

Sitaki kung'oa pamba yote kwa kubahatisha. Kaskazi imeanza na vijana wangu wanasubiri kwenda dago (kambi ya uvuvi). Wenye uzoefu, yanapitia wapi?

#2 Chembeu (Tanga)
Pole mkuu. Mimi ni fundi wa vyombo, ngoja nikuulize kabla sijasema kitu. Zile mbao mbili mpya zilikuwa zimekauka au zilitoka shambani mbichi? Pamba ilichovywa mafuta au ilipigwa kavu? Na ulimimina maji mpaka kimo gani? Kama uliishia usawa wa mkuku (uti wa chini wa chombo) na tundu liko shibiri moja juu yake, utalala chini na tochi mpaka maji yajae na hutaona kitu.

#3 Sangara (Mwanza)
Aisee huku ziwani hilo tungelimaliza asubuhi tu. Unachukua bati jembamba, unalikata ukanda, unalaza juu ya ungio lenye pamba, unapiga misumari midogo mfululizo. Mitumbwi yetu ya mbao inakwenda hivyo hivyo visiwani na kurudi.

#4 Chembeu (Tanga)
Sangara, kwenye maji baridi bati linakaa. Kwenye chumvi misumari ya bati inaanza kulika mapema sana, halafu ukanda wenyewe unaficha ubao unaooza. Nimeshabandua mabati ya namna hiyo nikakuta chini yake mbao unaichimba kwa ukucha. Zaidi ya hapo, bati halimwambii mtu maji yanapitia wapi, na ndilo swali lake.

#5 Mzee wa Diko (Bagamoyo)
Nahodha, mwanangu, jaribio lako limekudanganya kwa sababu ulilifanya juu ya mchanga. Chombo kikipwelewa kwenye mchanga laini, uzito wake wote unakandamiza mchanga kwenye maungio ya chini, hasa pale ubao wa kwanza unaposhikana na mkuku. Mchanga wenyewe unaziba. Kipandishe juu ya magogo, tumbo liwe wazi kabisa, uache pakauke, ufute, ndipo umimine.

Na usimimine mpaka juu. Chombo kimeundwa kubanwa na maji kutoka nje, hakikuundwa kubeba maji ndani kikiwa nchi kavu. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Ukikijaza utaachanisha mbao na mataruma, uvujo mmoja uwe kumi. Maji yaishie usawa wa mbao za sakafu, basi.

#6 Mtu wa Faiba (Dar)
Wakuu tunajitesa bure na pamba. Kausha mashua, piga msasa, lamba raizini na mkeka wa faiba tabaka mbili nje yote, umemaliza. Hakuna kalafati tena maishani. Boti zetu za kubeba wageni hazijui neno "pamba".

#7 Shela (Lamu)
Kaka, boti yenu ni ya faiba tangu kuzaliwa, ndiyo maana inatulia. Mbao za mashua zinatanuka zikiloa na kusinyaa zikikauka, kila siku, kila msimu. Ganda la raizini halitanuki nazo. Litapasuka kwenye ungio moja lisiloonekana, maji yaingie kati ya ganda na ubao, yabaki humo. Yamefungiwa, hayakauki. Chombo kinaoza kutoka nje kwenda ndani huku kinang'aa. Mafundi wa hapa Lamu wakiletewa chombo kilichovikwa faiba juu ya mbao kuukuu, wengi hawataki hata kukigusa.

#8 Mtu wa Faiba (Dar)
Shela, kuna vyombo vya mbao vilivyovikwa faiba vinavyotembea mpaka leo. Inategemea ubao ulikuwa mkavu kiasi gani na nani alipaka. Ukivika mbao zenye unyevu, nakubali, itabanduka. Usiifanye kuwa sheria ya wote.

#9 Bi Mwani (Pemba)
Hodi humu. Mimi nabeba mwani kwa ngalawa, si nahodha wa kwenda mbali, lakini uvujaji naujua. Swali langu la kwanza: umeyaonja hayo maji? Ngalawa yetu iliwahi kujaa kila asubuhi, wanaume wakatia pamba kila mahali penye ufa. Mama mkwe akachovya kidole akalamba, akasema haya ni maji ya mvua na umande wa turubai, hayana chumvi. Turubai lilikuwa limelegea, linamwagia ndani. Onja kwanza, kaka.

#10 Sangara (Mwanza)
Dada Bi Mwani, nikionja mimi huku Ziwa Victoria nitajua nini, na nje maji baridi, ndani maji baridi? 😀 Tupe na kipimo chetu sisi wa bara.

#11 Bi Mwani (Pemba)
Nyinyi funikeni mtumbwi vizuri usiku mmoja usio na mvua, muangalie asubuhi. Yakiwemo, yametoka chini.

#12 Nahodha Mdogo (Pangani)
Asanteni wote. Nimeonja: chumvi tupu. Shikamoo Mzee wa Diko, ni kweli nilikuwa juu ya mchanga.

Chembeu, majibu yako: mbao mbili zilikuwa nusu kavu, fundi alisema zinafaa. Pamba ilichovywa mafuta ya nazi. Maji nilimimina yakafika nusu ya kimo cha mataruma, si zaidi.

Jambo jingine nililoligundua nikilinganisha: bamvua likiwa kali asubuhi nakuta maji mengi zaidi. Siku za maji mafu, bahari inapokupwa na kujaa kidogo, ndoo zinapungua. Asubuhi mbaya nafua (nachota na kumwaga nje) kama ndoo kumi na tano za lita 20, baada ya saa kumi na mbili hivi.

#13 Matlai (Mafia)
Hapo umetoa siri yote mkuu. Siku za maji mafu maji hayapwi sana, mashua yako inaelea usiku kucha. Bamvua maji yanatoka kabisa, inakaa chini, inalala ubavu, kisha maji yanarudi kuinyanyua. Kila ikikaa na kunyanyuka mbao za chini zinajipinda. Ungio la mkuku linafunguka wakati inanyanyuliwa na mawimbi madogo ya maji kujaa, inagonga gonga kabla haijaelea sawasawa. Ndio wakati inapokunywa. Ihamishie nanga kwenye kina ambako haipwelewi, siku chache tu, uone tofauti.

#14 Tezi na Omo (Mombasa)
Matlai, maelezo mazuri lakini yanaweza kugeuzwa. Ikilala ubavu wakati wa kupwa, halafu maji yakajaa kabla haijasimama, zile mbao za juu ambazo kwa kawaida haziguswi na maji zinazama. Na za juu ndizo kavu kuliko zote, jua linazipiga kutwa. Kwa hiyo uvujo unaweza kuwa juu kabisa na wewe unahangaika na mkuku. Fundi alitoa pamba "sehemu ya chini", kasema mwenyewe. Ya juu ni ile ile ya zamani.

Pia injini. Farasi 15 ikining'inia nyuma ya mashua ya mita saba, kila wimbi inavuta misumari ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo. Jaribu hivi: usiku mmoja weka mzigo wote mbele, mawe, nanga ya pili, mapipa ya mafuta. Usiku wa pili peleka nyuma. Maji yakipungua tezi ikiwa juu, tundu liko tezi. Halafu fanya hivyo kulia na kushoto. Utakuwa umeigawa mashua vipande vinne bila kung'oa uzi mmoja wa pamba.

#15 Kipimo (Dodoma)
Habari zenu. Naomba nichangie kwa hesabu. Kasi ya maji yanayoingia kwenye tundu inatokana na kina cha tundu chini ya uso wa maji. Sentimita 30 chini, maji yanaingia kwa kasi ya takriban mita 2.4 kwa sekunde. Tundu la upana wa milimita 10 kwa kina hicho, baada ya kupunguza ule mbano wa maji yanapopita kwenye ukingo, linaingiza karibu lita 7 kwa dakika, yaani zaidi ya lita 400 kwa saa.

Nahodha anafua lita 300 kwa saa kumi na mbili. Hiyo ni lita 25 kwa saa. Ukirudisha hesabu nyuma, ni sawa na tundu moja la upana wa milimita mbili na nusu hivi. Moja tu! Kama mashua inakaa nchi kavu sehemu ya usiku, tundu ni kubwa kidogo zaidi ya hapo, lakini bado ni dogo kuliko punje ya mchele.

#16 Sangara (Mwanza)
Dodoma kuna bahari siku hizi? 😂 Karibu diko, mtaalamu.

#17 Kipimo (Dodoma)
Nimezaliwa Kilwa Kivinje, mkuu. Kazi ndiyo imenileta huku.

#18 Chembeu (Tanga)
Kipimo, mwanangu, umenifurahisha. Milimita mbili na nusu ni unene wa msumari! Nahodha, acha pamba, tafuta msumari. Tatizo la pamba mbovu ni kwamba linatoa jasho ungio zima, unaona mstari wenye unyevu. Msumari uliolika na kutu unaacha tundu la mviringo linalochuruza kama bomba dogo.

Utafute hivi. Pita nje chombo kikiwa kikavu, uangalie vichwa vya misumari. Penye duara jeusi kwenye ubao kuzunguka kichwa, na deheni imebanduka au ina mstari wa rangi ya kutu unaoshuka, piga kwa kinyundo kidogo. Msumari mzima unaitika kwa sauti kali. Uliolika unaitika bubu, na mwingine unazama kabisa ndani. Usirudishe msumari mpya kwenye tundu lile lile, ubao wa pale umeshalainika. Ziba kwa kijiti cha mti mgumu chenye mafuta, kikate usawa na ubao, msumari mpya uweke pembeni.

Na niulize: fundi wako alitumia misumari gani kwenye zile mbao mbili? Kama ya zamani ni ya chuma na yeye kapiga ya shaba jirani yake, chuma kitaliwa upesi mno. Madini mawili ndani ya chumvi hayakai pamoja, la chini linakufa.

#19 Nahodha Mdogo (Pangani)
Yote ya chuma iliyopakwa zinki, mkuu. Hakuna shaba.

#20 Shela (Lamu)
Mwataja misumari na mkuku, hakuna aliyetaja ncha za mbao. Ubao ukiloa hutanuka kwa upana wake. Kwa urefu hautanuki, labda kiasi kisichoonekana. Ndiyo maana maungio ya kwenda urefu wa chombo hujifunga yenyewe baada ya siku kadhaa majini, na hiyo ndiyo maana ya kusubiri. Lakini pale ubao mmoja unapoishia na mwingine kuanzia, ncha kwa ncha, hapajifungi kamwe. Utasubiri mpaka kusi nyingine.

Fundi alibadili mbao mbili ubavuni, basi kuna ncha mpya zisizopungua tatu au nne. Zitazame hizo. Nyuma ya kila kiungo cha ncha kunatakiwa kuwe na kipande cha ubao kinachofunika kwa ndani, au kiungo kiangukie juu ya taruma. Kama ncha zinakutana hewani baina ya mataruma mawili, hapo pamba yaweza kupigwa mara mia.

#21 Chembeu (Tanga)
Shela yuko sahihi kuhusu ncha, sina ubishi. Lakini ncha ikivuja ingetoa na maji ya ndani, maana mbao hizo ziko ubavuni na ubavu haukuwa juu ya mchanga. Nahodha hakuona kitu.

#22 Shela (Lamu)
Alimimina nusu ya taruma. Mbao zake mpya ziko kimo gani? Pengine juu ya hapo.

#23 Mzee wa Diko (Bagamoyo)
Wanangu, ipo sababu nyingine ya maji kuingia na yasitoke, na ni kongwe. Hasho, kiraka cha ubao. Kama chombo kina hasho lililopigiliwa kwa ndani, maji ya ndani yanalikandamiza, linashika vizuri. Maji ya nje yanalisukuma kulinyanyua, yanapenya pembeni. Linafanya kazi ya mlango wa upande mmoja. Hasho la haki linachongwa likae ndani ya unene wa ubao wenyewe, lina mteremko pembeni, maji ya nje yalibane. Lakini mtu akiwa baharini ameshikwa, anabandika kipande kwa ndani na misumari mitano, kisha akifika anasahau kukitoa. Tazama chini ya matope ya ngama, pale chini ndani maji yanapokusanyika, hasa nyuma.

#24 Nahodha Mdogo (Pangani)
Mzee! Lipo. Mwenye mashua wa kwanza aliweka hasho kwa ndani, karibu na tezi, chini ya pale tunapoweka tangi la mafuta. Nimelikuta limepakwa lami juu, nilidhani ni sehemu ya kazi ya zamani.

#25 Tezi na Omo (Mombasa)
Tezi! Nilisema nyuma.

#26 Matlai (Mafia)
Ulisema injini, ndugu yangu, hukusema hasho. Na bado hakuna aliyejibu kwa nini bamvua linaongeza maji. Hasho halijui mwezi mwandamo.

#27 Mtu wa Faiba (Dar)
Halafu msishangae mkikuta yote matatu kwa pamoja. Huku kwetu pia maji yanaonekana sehemu moja na yameingilia kwingine kabisa. Boti ya faiba inaingiza maji kwenye tundu la skrubu mbele, yanatembea chini ya sakafu, yanatokea nyuma kwenye kizibo. Tunachofanya: tunakausha ndani kabisa, tunanyunyiza unga mkavu, chokaa au ngano ya bei rahisi, tunaishusha kwenye maji yaliyotulia na kukaa kimya na tochi. Unga ukilowa unabadilika rangi, unafuata mstari mpaka ulipoanzia. Kwa mbao nadhani itafaa pia, kama mtaifuta mafuta.

#28 Chembeu (Tanga)
Hapo kwa unga naungana nawe moja kwa moja. Majivu ya kuni pia yanafaa, na ni bure. Jambo la muhimu: zibua kwanza vile vitundu vya chini ya mataruma vinavyopitisha maji kwenda ngama. Vikiziba kwa takataka na magamba ya samaki, kila chumba kinashika maji yake na utaona uvujo mahali ambapo haupo.

#29 Suri (Muscat)
Salaam alaikum ndugu zangu, nawafuatilia kutoka Oman. Asili yetu Unguja. Mji wa Sur hapa una karakana za kuunda majahazi mpaka leo, nao wanapiga pamba yenye mafuta kama nyinyi, na mbishano ni huu huu. Mmenikumbusha babu akisimulia mitepe ya Lamu, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja. Hakukuwa na kutu ya kuogopa, lakini kufua maji ilikuwa kazi isiyokwisha safari nzima. Ule mtepe wa mfano uliokuwa ndani ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka Desemba 2020, niliuona kwa macho yangu, mishono yake inastaajabisha.

#30 Bi Mwani (Pemba)
Wa alaikum salaam. Mshono wa kamba unalegea na chombo, haupasuki. Nadhani ndio uzuri wake. Lakini mikono ya wafua maji niionee huruma mimi.

#31 Mzee wa Diko (Bagamoyo)
Tusitoke kwenye njia. Nahodha, kuna jambo hatujaligusa: minyoo ya mbao. Mashua ilikaa majini muda gani kabla ya matengenezo bila kupigwa moto wa makuti na kupakwa deheni? Mnyoo anaingia akiwa mdogo, tundu lake la nje halipiti ncha ya sindano. Akiwa ndani ananenepa na kuchimba njia nene kama kidole. Kwa nje ubao mzima, ukigonga unasikia uwazi. Ukiukata ubao unaona njia zimesakafiwa weupe kama chokaa.

Wewe uko Pangani una dawa mlangoni. Wazee walikuwa wakivipandisha vyombo mtoni, juu kabisa kule maji ya chumvi yasikofika, vikakaa majuma kadhaa. Mnyoo hawezi maji baridi, anafia humo.

#32 Kipimo (Dodoma)
Shikamoo mzee. Nyongeza ndogo tu: kitaalamu yule si mnyoo, ni jamaa wa chaza na kombe. Magamba yake mawili yako kichwani, ndiyo anayochimbia, na ule weupe ndio anaoutoa mwenyewe kujengea njia. Kuhusu maji baridi uko sahihi, ndiyo maana Sangara na wenzake wa ziwani hawamjui.

#33 Sangara (Mwanza)
Kumbe tuna bahati na hatujui. Sisi adui yetu ni kuoza na jua tu.

#34 Mzee wa Diko (Bagamoyo)
Marahaba. Chaza au mnyoo, akishatoboa, ndoo unashika wewe.

#35 Baharia Kijana (Kilwa Masoko)
Naomba kuuliza kwa haraka wakubwa, wakati Nahodha anatafuta: mtu akiwa mbali baharini na uvujo ukaongezeka ghafla afanye nini? Tulikuwa na hali hiyo karibu na Songosongo, tukafua kwa zamu mpaka tukafika.

#36 Chembeu (Tanga)
Kwanza punguza mwendo na tanga, chombo kikikimbia na kugonga mawimbi maungio yanafunguka zaidi. Pili hamisha watu na mzigo ili upande unaovuja unyanyuke, kama unaujua. Tatu, pamba au kitambaa kilichopakwa sabuni ya mche na mafuta, kisukume kwa ncha ya kisu, usipige nyundo. Ukipiga nyundo ubao uliolainika unaingia wote.

Kwa ufa mdogo chini usikofikia, chukua unga wa msumeno, ufunge kwenye kikapu au kifuniko chenye upondo, kizamishe chini ya tumbo na ukikung'ute. Maji yanayoingia yanauvuta unga kwenye ufa wenyewe. Si dawa ya kudumu lakini unakufikisha. Na nyupo mbili (vyombo vya kuchotea) za kufulia maji zisikosekane, moja ikianguka majini usibaki na viganja. Maboya yavaliwe mapema, si wakati maji yamefika magotini.

#37 Shela (Lamu)
Naongeza: usitie silikoni ya madirishani. Haishiki ubao wenye mafuta, na siku fundi akija kutia kalafati ya haki, pamba haikamati penye mabaki yake. Vivyo hivyo epoksi ngumu kwenye ungio. Ubao ukitanuka haupati pa kwenda, unasukuma mpaka unang'oa misumari ya jirani au kupasua taruma.

#38 Mtu wa Faiba (Dar)
Kwenye silikoni tuko pamoja. Epoksi ina mahali pake, lakini si kwenye ungio linalotembea. Hilo nalikubali.

#39 Nahodha Mdogo (Pangani)
Wakuu, mrejesho. Tumeipandisha kwenye magogo bamvua hili, mdogo wangu na vijana wa diko wamesaidia. Tumekausha, tumezibua vitundu vya ngama, tukamimina maji usawa wa sakafu.

Nilichokiona. Ungio la mkuku upande wa kulia lilitoa jasho sehemu ya urefu wa mkono, si kuchuruza, ni unyevu tu. Msumari mmoja wa zamani, pembeni kabisa ya ubao mpya wa chini, ulikuwa na duara jeusi, nilipougonga ukazama. Kijiti cha mkomafi kimeingia pale. Hasho la tezi tumelibandua: chini yake kuna tundu linaloingia kidole gumba, ubao umekuwa mweusi kuzunguka lakini mgumu, hakuna njia nyeupe za yule chaza. Fundi amechonga hasho jipya kwa nje lenye mteremko, pamba na mafuta pembeni. Ncha za mbao mpya: mbili ziko juu ya mataruma, ya tatu iko hewani na nyuma yake hakuna kitu. Tumeweka kipande cha mvule kwa ndani.

Tumeishusha. Kutoka ndoo kumi na tano sasa nafua ndoo tano. Nashukuru sana, lakini tano bado ni nyingi kwa chombo kinachokwenda dago.

#40 Chembeu (Tanga)
Hongera. Msumari ulikuwa uvujo mkubwa, hesabu ya Kipimo ilionyesha. Hizo tano zinatoka kwa ndugu zake. Misumari ya umri mmoja hulika kwa pamoja, gonga mstari wote ule.

#41 Mzee wa Diko (Bagamoyo)
Hasho ndilo lililopunguza. Lililobaki ni jasho la mkuku, mashua imetoka kukauka tena juu ya magogo. Iache inywe.

#42 Shela (Lamu)
Na ncha ya hewani je? Mwaisahau upesi. Kipande cha ndani kimepigiliwa juu ya mafuta au juu ya ubao mkavu? Kama ni mkavu, maji yatapita baina yake na ubao.

#43 Tezi na Omo (Mombasa)
Amerekebisha vitu vitatu siku moja, sasa hakuna atakayejua kipi kilikuwa kipi. Nahodha, fanya lile jaribio la mzigo mbele na nyuma sasa, wakati ndoo ni tano. Na pamba ya mbao za juu hamjaigusa mpaka leo.

#44 Matlai (Mafia)
Mimi nangoja maji mafu. Ndoo zikipungua bila kugusa kitu, mtanielewa kuhusu kupwelewa. Zikibaki tano, nitanyamaza.

#45 Bi Mwani (Pemba)
Kaka Nahodha, umempata wapi fundi anayetumia mafuta ya nazi? Huku wazee wanataka sifa (mafuta) ya papa tu, na siku hizi haipatikani kirahisi, ikipatikana bei juu. Ngalawa yangu inahitaji kabla ya masika.

#46 Nahodha Mdogo (Pangani)
Dada, ni fundi wa hapa hapa, alianza na nazi baada ya sifa kuadimika. Anasema inashika lakini inahitaji kurudiwa mapema zaidi. Nitamwuliza anachanganya kiasi gani.

Matlai, nimeanza kuandika kila asubuhi: ndoo ngapi, ilipwelewa au haikupwelewa, mzigo ulikuwa mbele au nyuma. Maji mafu yakiisha naleta orodha nzima hapa. Shela, kipande cha ndani kilipigiliwa juu ya kitambaa cha pamba chenye mafuta.

#47 Shela (Lamu)
Basi hapo umenipa moyo. Kitazame tena baada ya safari ya kwanza yenye mawimbi, kabla hujapakia wavu.